Kilo za Adelfina

Tangu Emilian aende vitani, mama yake, Adelfina, aliogopa vitu viwili. Aliogopa redio, na aliogopa mizani. Vyote viwili vilikuwa mahali pamoja, katika ghala la kijiji.

Kila asubuhi Adelfina aliwasha moto, akainjika chungu cha maharage, akafagia uwanja. Kisha alijifunga vitenge viwili, akavaa sweta, akabeba jembe. Asubuhi za Kasulo, kijijini kwao, zina baridi na umande mwingi. Wenzake walikwenda moja kwa moja kwenye shamba la kijiji. Yeye alipitia ghalani kwanza.

"Shikamoo, mama Emilian," alisema Xavery, kijana mtunza ghala.

"Marahaba, mwanangu. Redio imesema nini?"

"Imesema majeshi yetu yanasonga mbele."

"Na majina? Hawajataja majina?"

"Redio haitaji majina ya askari, mama."

Adelfina alishusha pumzi. Hakujua kama hiyo ilikuwa habari njema au mbaya. Akaweka jembe ukutani, akapanda juu ya mizani ya kupimia kahawa na maharage. Xavery akasogeza kile kichuma kwenye mkono wa mizani, huku na huku, mpaka mkono ukatulia.

"Themanini na mbili."

"Jana ulisema themanini na moja!"

"Mimi nasoma tu, mama. Sijaongeza kitu."

Adelfina akashuka. Akachukua jembe lake, akaondoka. Njia nzima alikuwa akijiuliza: nimekula nini? Nimefanya kosa gani?

Hofu hiyo ilikuwa na chanzo chake.

Adelfina alikuwa na dada, jina lake Deodata. Deodata alikuwa mnene na mcheshi, na watu walimpenda. Siku moja alijikwaa kwenye kisiki. Kidonda kilikuwa kidogo tu, lakini hakikupona. Kumbe alikuwa na ugonjwa wa sukari siku nyingi bila kujua. Mguu ukaoza. Madaktari wakaukata, lakini walikuwa wamechelewa kumpata. Adelfina ndiye aliyemwosha dada yake kile kidonda mpaka siku ya mwisho. Harufu yake hakuisahau.

Basi mwaka mmoja baadaye, Adelfina mwenyewe akaanza kuona kiu. Alikunywa maji asubuhi, mchana na jioni, na bado koo lilikuwa kavu. Alikwenda chooni mara nyingi. Alichoka upesi. Akapanda lori lililokuwa linapeleka kahawa, akaenda hospitali ya Rulenge.

Daktari alichemsha mkojo wake na dawa ya buluu kwenye kichupa. Ile buluu ikageuka, ikawa na rangi ya tofali.

"Una sukari, mama," daktari alisema. "Lakini usitetemeke hivyo. Umekuja mapema. Uzito wako ni mkubwa kwa kimo chako. Ukiupunguza, unaweza kuishi vizuri, pengine bila vidonge kwa muda mrefu."

"Nipunguze kwa njia gani?"

"Kwa chakula na kwa kazi. Usiache kula. Jaza nusu ya sahani mboga za majani. Maharage ni mazuri. Ndizi, ugali na viazi, kula kidogo kuliko ulivyozoea. Pombe ya ndizi, acha. Chai ya sukari, acha."

"Sukari yenyewe iko wapi siku hizi, daktari?"

Wote wawili wakacheka, maana duka la kijiji lilikuwa halijaona sukari kwa muda mrefu.

"Shuka taratibu," daktari aliongeza. "Kilo moja au mbili kwa mwezi zinatosha. Ujipime mara moja moja uone unavyokwenda. Halafu urudi kwangu masika yakiisha."

Adelfina alirudi nyumbani na moyo mzito, lakini alikuwa na nia. Mizani ya ghala ilimwonyesha kilo themanini na nne. Akaacha pombe. Akapunguza ndizi. Alichuma mchicha na majani ya maboga kila jioni. Uzito ukaanza kushuka, ukafika themanini na moja. Alifurahi sana.

Ndipo vita vilipokuja. Majeshi ya Uganda yalivuka mpaka, yakaingia upande wa Bukoba. Vijana wa mgambo waliitwa. Emilian alikuwa mtoto wake wa pekee wa kiume. Aliondoka na wenzake, nyuma ya lori, akipunga mkono. Adelfina alisimama barabarani mpaka vumbi likatua.

Tangu siku hiyo alianza kujipima kila asubuhi. Alijiambia: kama kujipima mara moja kunafaa, kujipima kila siku kutafaa zaidi. Lakini ile mizani ilimtesa. Leo ilishuka, kesho ikapanda. Ikipanda, siku nzima iliharibika.

Pancras, mume wake, aliyaona yote. Alikuwa mtu wa maneno machache. Jioni moja alimtazama mkewe akijipakulia vijiko viwili vya maharage na majani tu.

"Ndizi ziko wapi?" aliuliza.

"Hizo ni zako, baba Emilian."

"Na zako?"

"Leo nimepanda kilo moja. Sistahili ndizi."

Pancras akasukuma sahani. "Unajua watu wanasemaje? Wanasema nakunyima chakula. Mke akikonda, lawama ni za mume. Jana kwenye mkutano, Ndugu Mwenyekiti aliniuliza mbele ya wazee kama nyumbani kwangu kuna njaa."

"Waache waseme. Wao hawakumwosha Deodata mguu."

Pancras akairudisha sahani mbele yake. Jina la Deodata lilikuwa likimfunga mdomo siku zote.

Mwezi wa Januari duka la kijiji likapata chumvi. Kwa wiki nyingi watu walikuwa wamekula chakula cha dohoro, kisicho na chumvi, maana malori yote yalikuwa yamekwenda kubeba askari. Kwa hiyo chumvi ilipofika, ilikuwa kama sikukuu. Jirani yao Leonsia aliwaalika. Alipika maharage na dagaa wa Kigoma, akatia chumvi bila kubana mkono. Adelfina alikula kiasi kile kile alichoambiwa na daktari. Hakuzidisha hata tonge. Lakini alisikia utamu mpaka machozi yakamlenga. Usiku alikunywa maji mengi.

Asubuhi alikwenda ghalani akiwa na furaha. Xavery alisogeza kichuma. Akakisogeza tena.

"Themanini na tatu."

"Angalia vizuri!"

"Nimeangalia, mama. Themanini na tatu kamili."

Jana ilikuwa themanini na moja. Kilo mbili! Kwa mlo mmoja! Adelfina akakaa juu ya gunia la maharage. Watu waliokuwa wanapanga foleni walimtazama. Yeye hakuwaona. Aliona kidonda. Miezi yote ile ya majani na maharage, ndizi alizoziacha, pombe aliyoikataa kwenye harusi na matanga, vyote vilikuwa kazi bure. Ugonjwa ulikuwa umemzidi nguvu.

Siku hiyo hakula kitu. Hata maji aliyaogopa, maana aliwaza, maji nayo yana uzito. Kesho yake mizani ikashuka. "Kumbe dawa ni hii!" alijiambia. Akaendelea. Alikula kidogo mchana mmoja, akashinda njaa mwingine. Mizani ilishuka, halafu akila, ikapanda tena. Naye akazidi kubana. Mdomo ulimkauka. Kichwa kilimuuma. Akiinama, macho yaliona giza. Usingizi ulikuwa haba, na ukija ulimletea Emilian na Deodata wamekaa pamoja kwenye benchi moja, kimya, wakimtazama.

Pancras alimsihi. Safari hii alisema maneno mengi kuliko alivyozoea.

"Adelfina, unafanya nini? Mtoto yuko vitani, wewe unajiua nyumbani. Unataka Emilian arudi akute kaburi?"

"Nataka arudi anikute nina miguu miwili," alijibu kwa ukali. Kisha akaona uso wa mumewe, akajuta.

Ilikuwa siku ya kuvuna maharage ya kijiji. Jua lilikuwa kali. Wanawake walikuwa wameinama katika safu, wakiyang'oa na kuyaweka mafungu. Waliimba. Adelfina hakuimba. Alikuwa hajala tangu jana yake, na asubuhi hakunywa hata tone la maji, kwa sababu alitaka mizani imwonyeshe namba nzuri. Na ilimwonyesha. Themanini. Alitembea na namba ile kifuani kama medali.

Aliinuka ili afunge fungu lake. Mbingu ikazunguka. Alisikia Leonsia akimwita kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Akaanguka.

"Mama Emilian! Jamani, njooni! Mama Emilian ameanguka!"

Wakamwaga maharage yaliyokuwa juu ya turubai, wakambeba Adelfina kwa turubai lile lile mpaka zahanati. Pancras aliwakuta njiani akikimbia, jembe bado mkononi.

Nesi wa zahanati aliitwa Scholastika. Alikuwa bado kijana. Kwao kulikuwa Kyaka, karibu na daraja. Vita vilipoanza, wazazi wake waliacha nyumba na ng'ombe, wakakimbilia Biharamulo na nguo walizovaa. Watu walijua hayo, lakini yeye hakupenda kuyasema.

Alimlaza Adelfina, akamwinulia miguu juu ya mto. Alimpima mapigo ya moyo na presha. Alitazama ulimi wake, ulikuwa mkavu kama ngozi iliyoanikwa. Adelfina alipofumbua macho vizuri, nesi alimnywesha maji, funda baada ya funda. Kisha akampa uji mwepesi wa mtama.

"Mama, leo umekula nini?"

"Bado sijala."

"Na jana?"

Adelfina akainamia uji wake.

"Nani alikuambia usile? Daktari?"

"Hapana. Daktari alisema nile."

"Basi ni nani?"

Adelfina akageukia ukuta. "Mizani," alisema.

Pancras alisogea. Akaeleza yote, habari za Deodata, za hospitali, za kwenda ghalani kila asubuhi. Nesi alisikiliza bila kumkatiza. Alipima mkojo wa Adelfina, akaona hakuna haja ya kumpeleka hospitali siku ile. Alimwacha apumzike. Jua lilipopoa na nguvu zilipomrudia, alimsaidia kuamka, akampeleka kwenye mizani ya zahanati.

"Simama hapa, mama. Usiogope. Tunajifunza tu."

Alisoma namba. Kisha akaleta mtungi mdogo wa lita moja, umejaa maji yaliyochemshwa.

"Sasa kunywa haya taratibu. Tuna muda."

Adelfina alikunywa. Ilimchukua kitambo.

"Haya, panda tena."

Adelfina akapanda. Nesi akamwonyesha namba kwa kidole. Ilikuwa imeongezeka kilo moja.

"Mungu wangu!" Adelfina alishika mdomo.

"Umenenepa sasa hivi, mama? Hapa hapa, mbele ya macho yangu?"

"Hapana. Ni maji."

"Ni maji. Na ukienda chooni, nusu yake itatoka. Je, utakuwa umekonda?"

Adelfina akafikiri. "Hapana."

"Umeelewa jambo kubwa. Mizani haijui mafuta ni yapi na maji ni yapi. Inapima kila kitu. Inapima maji uliyokunywa, chakula kilichomo tumboni, haja ambayo bado hujaenda. Inapima sweta na vitenge viwili vilivyolowa umande. Kwa hiyo uzito wa mtu unapanda na kushuka kila siku. Kilo moja, wakati mwingine mbili. Ni kawaida. Wangu hivyo hivyo. Asubuhi nina namba hii, jioni nina nyingine."

"Hata mimi?" Pancras aliuliza.

"Hata wewe, baba. Njoo ujaribu kesho asubuhi na kesho jioni."

Adelfina bado alikuwa na swali lake, lile lililomnyima usingizi. "Lakini siku ile ya chumvi, nesi. Nilikula kidogo. Nakuapia. Kilo mbili zilitoka wapi?"

"Mlikaa muda gani bila chumvi?"

"Siku nyingi."

"Halafu mkaila kwa wingi. Chumvi inashika maji mwilini. Ulikunywa maji usiku?"

"Sana."

"Basi mwili uliyahifadhi. Baada ya siku mbili tatu yanatoka yenyewe. Sikiliza tena. Ili mwili utengeneze kilo mbili za mafuta kwa siku moja, ungepaswa kula chakula cha watu sita au saba, juu ya chakula chako. Ulikula hivyo kwa Leonsia?"

"Leonsia mwenyewe hana chakula hicho!"

Nesi akacheka. Pancras naye akatabasamu, mara ya kwanza kwa siku nyingi. Kisha nesi akamwomba Pancras achote maji kisimani. Alipotoka, nesi alisogeza kiti.

"Na siku zako za mwezi zikikaribia, unajisikia umevimba?"

"Ndiyo. Matiti, tumbo, hata vidole."

"Hapo pia mwili unashika maji. Uzito unapanda. Siku zikiisha, unashuka. Wanawake wengi wako hivyo."

Adelfina aliitikia kwa kichwa. Alifikiria asubuhi zote alizojilaani.

"Na ile siku nzuri?" aliuliza polepole. "Leo. Themanini."

"Leo ulikauka, mama. Yalikuwa maji yaliyotoka, na mwili wako ukabaki bila nguvu. Mtu mwenye sukari akikaa bila maji, damu yake inazidi kuharibika. Ulikuwa unakimbia ugonjwa, lakini ulikuwa unaukimbilia."

Nje, wanawake walikuwa bado wanamsubiri, sauti zao zilisikika. Nesi alimtazama Adelfina usoni.

"Mama, naomba nikuulize. Ni uzito peke yake unaokukosesha usingizi, au ni mtoto?"

Machozi yakamjia Adelfina. Alilia kama alivyokuwa hajalia tangu lile lori lilipoondoka.

"Redio hainiambii kitu," alisema. "Naiuliza kila siku, hainijibu. Mizani angalau inanijibu. Nikawaza, nikishinda hili moja, basi na lile lingine..."

Nesi alimshika mkono.

"Hata mimi sijui baba yangu amelala wapi leo," alisema. "Nilipata habari zao kabla ya Krismasi, basi. Kila lori likisimama barabarani natoka nje. Hofu hiyo haina dawa hapa kabatini, mama. Lakini usiipeleke kwenye mizani. Njoo hapa tuongee. Au nenda kwa Leonsia. Na umwambie mumeo. Unadhani yeye analala?"

Adelfina hakuwahi kufikiri hivyo. Siku zote alidhani Pancras ni jiwe.

Jioni walirudi nyumbani polepole, wote wawili. Walipofika kwenye migomba yao, Adelfina akasema, "Baba Emilian, mimi namwota mtoto."

"Hata mimi," alijibu Pancras. "Naota anagonga mlango, nami siwezi kuamka nimfungulie."

Walikaa kizingitini wakaongea mpaka moto ukazima, ikabidi wauwashe upya. Adelfina alikula maharage, majani, na kipande cha ndizi. Akakimaliza.

Nesi alikuwa amempa utaratibu, naye akaufuata. Alijipima mara moja tu kwa wiki, Jumamosi. Alijipima asubuhi baada ya kwenda chooni, kabla ya kula, akiwa na kitenge kimoja kikavu. Sweta aliliacha nyumbani. Alitumia mizani ile ile ya zahanati. Ya ghala aliiacha, maana Xavery alikuwa akiisogeza huku na huku kupisha magunia, mara kwenye saruji, mara kwenye udongo usio sawa.

"Na usilinganishe Jumamosi na Jumamosi," nesi alimwambia. "Linganisha mwezi na mwezi. Halafu uangalie na mambo mengine. Kiu imepungua? Usiku unaamka mara ngapi? Kitenge kinakuzunguka vipi? Shambani unachoka saa ngapi? Hayo nayo ni vipimo."

Usidhani hofu iliisha siku moja. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Asubuhi miguu ilitaka kwenda ghalani yenyewe. Jumatano moja alifika mpaka mlangoni, akasimama, mkono juu ya komeo. Xavery akatoa kichwa. "Nikupime, mama?" Adelfina akauondoa mkono. "Hapana," alisema. "Nimekuja kusikia habari tu." Akasikiliza habari, akaenda shambani. Lakini siku nzima alikuwa kama mtu aliyesahau kitu njiani.

Jumamosi nyingine mizani ya zahanati ilipanda. Ile hofu ya zamani ikarudi. Nesi alimwacha afikiri mwenyewe.

"Siku zangu ziko karibu," Adelfina alisema mwishowe. "Na jana tulikula dagaa."

"Kwa hiyo leo utafanya nini?"

"Nitakula kama nilivyopanga. Nitakunywa maji. Nitangoja."

"Na ukishindwa kungoja?"

"Nitakwenda kwa Leonsia."

Jumamosi iliyofuata uzito ulikuwa umeshuka, tena chini kuliko ulivyokuwa. Mwezi ulipokwisha, alikuwa amepungua kilo moja. Mwezi wa pili, kilo moja na nusu. Mwezi wa tatu uzito haukupungua kitu, lakini kitenge kilimzunguka zaidi, na usiku aliamka mara moja tu. Kiu ilikwisha. Wanawake walisikia sauti yake tena katika nyimbo za shambani.

Masika yalipoisha, Pancras alimsindikiza Rulenge. Kwenye benchi la hospitali Adelfina alikaa amekunja vidole. Daktari alichemsha mkojo. Adelfina hakuthubutu kutazama kile kichupa. Alilitazama dirisha.

"Mama, geuka uone," daktari alisema.

Dawa ilikuwa buluu, yenye ukijani kidogo tu.

"Sukari imeshuka sana. Leo sikupi vidonge. Endelea hivyo hivyo, na kila jioni uangalie nyayo zako kama kuna mchubuko. Nani amekufundisha kwenda taratibu namna hii?"

"Nesi wetu," alisema Adelfina. "Baada ya kunikuta nimeanguka."

Emilian alirudi wakati wa kiangazi. Alishuka kwenye lori akiwa amekonda, sare imempwaya, na sikio moja halikusikia vizuri kwa sababu ya mizinga. Lakini alikuwa mzima. Alimkumbatia mama yake, kisha akamshika mabega, akamsogeza mbali kidogo amtazame. Uso wake ulibadilika.

"Mama, unaumwa? Mbona umepungua hivi?"

"Nimepungua kwa kupenda kwangu, mwanangu. Siumwi. Ingia ndani, nitakueleza."

Walimchinjia mbuzi. Majirani walijaa uwanjani. Walipika ndizi na nyama, na chumvi ilikuwepo. Adelfina alikula na mwanawe sahani moja. Alikula zaidi ya siku zote, na hakujificha. Pombe tu ndiyo aliyoikataa, akainua kikombe cha maji.

Jumamosi ilipofika, walikwenda zahanati wote watatu. Nesi Scholastika aliwapokea mlangoni. Wazazi wake walikuwa wamerudi Kyaka kujenga upya, naye alikuwa na uso mwepesi. Adelfina akapanda mizani. Namba ilikuwa juu kwa kilo moja na nusu.

Safari hii Pancras ndiye aliyeshtuka. "Tumekuharibu!" alisema. "Ile nyama! Nilikwambia, mama Emilian, sikukwambia?"

Adelfina akashuka. Akajifunga kitenge chake vizuri, bila haraka.

"Baba Emilian, ni chumvi, ni maji, ni chakula cha sherehe ambacho bado kinapita. Pengine na mafuta kidogo yamo, sitakataa. Mtoto amerudi, tumekula. Leo nakula kama kawaida. Tutaona mwezi ukiisha."

"Na usiku utalala?"

"Nitalala," alisema Adelfina. Akamgeukia Emilian, akasema kwa sauti kubwa kidogo, upande wa lile sikio zima: "Twende, mwanangu. Mchicha unahitaji maji kabla jua halijawa kali."